Sauti na Maana: Jinsi Tunavyojifunza Kiingereza na Kiarabu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi husema ya kuwa mtoto wa Tanzania hujifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Kwetu Ngara na Biharamulo maneno hayo si kweli kamili. Mtoto wa Rulenge huanza na lugha ya mama yake, Kishubi au Kihangaza, na upande wa Biharamulo wako wenye Kizinza na Kisukuma. Akienda shule ya msingi hukutana na Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho kinachomfundisha hesabu, sayansi na mengineyo. Kiingereza huja cha tatu. Na kama mtoto ni Mwislamu na alipelekwa chuoni akiwa mdogo, Kiarabu nacho kimo, na pengine kilimfikia kabla ya Kiingereza. Basi tunapotaja lugha ya pili tujue ya kuwa twamsema mtoto ambaye kichwani mwake mna lugha mbili tayari.

Nimeziweka Kiingereza na Kiarabu pamoja kwa sababu kwetu hufundishwa kwa njia mbili zilizo mbali kabisa, na kila njia ina upungufu ambao nyingine ingeweza kuuponya. Chuoni mtoto hupewa sauti, maana ikachelewa. Shuleni hupewa kanuni na maana, lakini sauti haipati.

Tuanze na chuo. Mtoto huanza na alifu, be, te. Herufi za Kiarabu ni 28, nazo huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha huja irabu: ba, bi, bu, ta, ti, tu. Watoto wote husoma kwa pamoja kwa sauti kubwa, na mwalimu husikiliza. Akisikia herufi iliyokosewa huwasimamisha. Iko elimu nzima ya jambo hili iitwayo tajwidi, ambayo yaeleza kila herufi hutoka mahali gani: hii kooni, hii kwenye ncha ya ulimi, hii midomoni. Mtoto wa miaka minane aweza kuitamka ain na qaf barabara, herufi ambazo mgeni mwenye umri wa miaka arobaini hutokwa na jasho kuzitafuta. Lakini mwulize maana ya maneno aliyoyasoma sasa hivi, naye atakuambia ya kuwa hajafika huko.

Sisemi haya kwa kudharau. Kuisoma Qurani ni ibada, na mwenye kusoma kwa ibada hatafuti jambo lile lile analolitafuta mwenye kujifunza lugha ili aandike barua. Lakini wanachuoni wa pwani wenyewe waliona ya kuwa maana nayo yatakiwa iwafikie watu kwa lugha waijuayo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti lake, Al-Islah, mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu. Naye Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu Unguja, tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilichapishwa nzima mwaka 1969. Huko Zanzibar Kiarabu ni somo la shule za serikali. Huku Bara ni somo la hiari, nalo hufundishwa katika shule chache, ingawa Baraza la Mitihani hulitungia mtihani wa Kidato cha Nne kama masomo mengine.

Sasa tuje shuleni. Mwalimu huandika ubaoni jina la njeo, huandika kanuni yake, huandika mifano mitatu. Sisi twanakili. Twajua ya kuwa 'go' huwa 'went', tena huwa 'gone'. Tukipewa karatasi yenye nafasi za kujaza, twajaza. Lakini mgeni akiingia darasani akauliza kwa Kiingereza twaionaje shule yetu, darasa zima hutazama chini, na mmoja aliye shujaa hujibu 'Fine'. Wala si uvivu. Kipindi ni dakika 40. Tuseme darasa lina wanafunzi 50. Ukigawa, kila mmoja apata sekunde 48 za kusema, na hapo mwalimu mwenyewe asiseme hata neno moja. Chuoni, kwa kuwa wote husoma kwa pamoja, kila mtoto hutumia ulimi wake muda wote alioketi pale. Hilo ndilo jambo ambalo shule haijaliiga.

Hasara yake si ndogo. Katika nchi yetu Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967, lakini sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyejua vizuri mraba, mstatili na kipeuo cha pili afika Kidato cha Kwanza na kuambiwa 'square', 'rectangle' na 'square root'. Usanisinuru aliouchora kwa rangi umekuwa 'photosynthesis'. Vitu ni vile vile, lakini yeye hajui kama ni vile vile. Wako watoto waliokuwa wa kwanza katika shule zao za msingi ambao hunyamaza mwaka mzima wa kwanza wa sekondari, hata wenzao wakawadhania kuwa hawana akili.

Hali hii hufika mpaka kwenye mtihani wa mwisho. Mwanafunzi amesoma habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ajua kwa nini wazee wetu walishindwa: silaha, njaa, makabila mengine kutojiunga. Swali laja: 'Account for the failure of the Maji Maji uprising'. Yeye huona neno 'account', hukumbuka kuwa ni habari au hesabu, naye husimulia vita vyote toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kurasa nne nzuri. Swali lilitaka sababu tu. Alama azikosa kwa ajili ya kitenzi kimoja, wala si kwa ajili ya historia.

Jambo hili limejulikana siku nyingi. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta, ilitoa taarifa yake mwaka 1982, nayo ilipendekeza sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na kwa hiyo alitaka kifundishwe na kupewa uzito wake. Mwaka huo huo wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza katika shule zetu, wakaona ya kuwa kiasi cha asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne ndio waliofikia kiwango ambacho mtu angetazamia masomo ya Kiingereza yaanzie. Yaani wengi walikuwa wakimaliza mahali ambapo ilifaa waanze! Baada ya hapo ulikuja mpango wa kuleta vitabu vyepesi vya hadithi mashuleni, kwani walionelea ya kuwa mtu hajui lugha kwa kusoma sarufi peke yake. Mjadala wa lugha ya kufundishia ungaliko mpaka leo, nami sina haja ya kuumaliza hapa. Kiingereza kikae ama kiondoke katika masomo mengine, bado itatubidi tukijue.

Basi twaanzia wapi? Mimi naona tuanzie kwenye ndimi zetu wenyewe.

Lugha zetu za nyumbani hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Ndiyo maana mtu wa kwetu husikika akisema amekwenda kupiga kula, na mwingine asema anataka kura ugali, na watu wa pwani hucheka mpaka wakashika mbavu. Katika Kiingereza kicheko huzidi, kwa sababu 'rice' ni wali na 'lice' ni chawa, na mtu akieleza chakula anachopewa kila siku bwenini yafaa awe mwangalifu. Kiarabu nacho kina mtego wa namna hiyo. 'Qalb' ni moyo, na 'kalb' ni mbwa. Anayetaka kumwambia mama yake 'moyo wangu' akasahau qaf ya kooni, amemwita mbwa wake. Mwalimu wa chuo hawezi kuliacha kosa hilo lipite hata siku moja. Mwalimu wa Kiingereza huliacha, kwa sababu yeye atazama daftari, na katika daftari hakuna sauti.

Lakini lugha za nyumbani zina msaada pia, na msaada huu sijasikia ukitajwa. Kishubi na Kihangaza, kama jirani zao Kirundi na Kinyarwanda, hupima urefu wa irabu. Mtu akiifupisha irabu ndefu mama hucheka, kwani neno limekuwa jingine. Kiswahili hakina sana mambo hayo. Sasa tazama Kiarabu: 'kataba' ni aliandika, lakini 'kaataba', ukiivuta ile a ya kwanza, ni kuandikiana barua na mtu. Tazama Kiingereza: 'ship' ni meli, 'sheep' ni kondoo; 'live' ni kuishi, 'leave' ni kuondoka. Najua ya kuwa Waingereza hawatofautishi kwa urefu peke yake, maana na mdomo nao hubadilika kidogo. Hata hivyo mtoto wa Rulenge ana sikio lililokwisha kufundishwa na nyanya yake kusikia neno refu na neno fupi. Akiambiwa, 'Tumia sikio lile la nyumbani,' hushika mara moja. Asipoambiwa, huacha sikio hilo mlangoni pamoja na lugha yenyewe.

Kuna na habari ya irabu za mwishoni. Karibu maneno yetu yote humalizika kwa irabu. Kwa hiyo 'qalam' ya Mwarabu tuliifanya kalamu, 'waqt' tukaifanya wakati, na 'glass' ya Mwingereza tukaifanya gilasi. Waarabu na Waingereza wote tuliwatendea sawa. Hata 'school' Unguja ni skuli, ambapo sisi Bara twasema shule, neno tulilolipata kwa Wajerumani. Mwanafunzi asemaye 'booku' na 'desiki' anafuata sheria ya zamani iliyotengeneza nusu ya kamusi yetu. Anayejua kwa nini ulimi wake huongeza u mwishoni aweza kuuzuia. Anayechekwa tu hufunga mdomo.

Sasa maneno. Hapa pana utajiri mwingi, nami nitakaa kidogo.

Sote tumezaliwa katika mkoa wa kahawa. Neno hili kahawa ni 'qahwa' ya Waarabu. Na 'coffee' ya Waingereza ni 'qahwa' hiyo hiyo, ila ilipita Uturuki na nchi za Ulaya kwanza kabla ya kufika London. Jirani zetu Warundi husema ikawa. Sukari ni 'sukkar', na 'sugar' nayo ni 'sukkar'. Katika hesabu, sifuri ni 'sifr' ya Kiarabu, maana yake kitu kitupu. Wataliano walilichukua wakalikatakata mpaka likawa 'zero'. 'Algebra' ni 'al-jabr', neno lililotoka katika jina la kitabu cha Al-Khwarizmi, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Mraba ni kitu chenye pembe nne, kwani kwa Kiarabu nne ni 'arbaa'. Na safari? Waarabu walitupa sisi, nasi tukawapa Waingereza, na leo limo katika kamusi zao. Kwa hiyo mwanafunzi anayeingia Kidato cha Kwanza akidhani kila neno la Kiingereza ni geni kabisa amedanganyika.

Tena Kiarabu kina jambo ambalo lapendeza sana mtu akilijua. Maneno yake mengi hujengwa juu ya konsonanti tatu, kama nyumba juu ya nguzo, na irabu hubadilishwa katikati. Chukua k-t-b, nguzo za kuandika. 'Kitaab' ni kitabu, 'kaatib' ni mwandishi, nasi twasema katibu. 'Maktaba' ni mahali pa vitabu. Chukua h-s-b: hesabu, hisabati, mhasibu. Chukua s-f-r ya safari: safari, msafiri. Chukua nguzo za elimu: elimu, mwalimu, taaluma, maulama. Sisi twayatumia yote haya kila siku kama maneno yasiyojuana, kumbe ni ndugu. Mwanafunzi wa Kiarabu anayejua Kiswahili huanza na mamia ya maneno mfukoni.

Lakini ajihadhari, kwani ndugu wengine wamebadili tabia baada ya kuhamia kwetu. Tafadhali, kwetu, ni neno la kuomba. Mwarabu asemapo 'tafaddal' hukupa au hukukaribisha: chukua, ingia, keti. Yeye akiomba husema 'min fadlik'. Asante yatoka katika 'ahsanta', maana yake umefanya vyema, na shukrani yao ni 'shukran'. Maalumu kwetu ni kitu cha pekee, kwao 'maaluum' ni kitu kinachojulikana. Mtu akitegemea Kiswahili bila kuuliza, atamwomba Mwarabu chumvi, naye Mwarabu atangoja apewe hiyo chumvi.

Katika Kiingereza hatari si maneno bali ni jinsi ya kuyapanga mawazo. Sisi husikia harufu, basi mwanafunzi huandika ya kuwa 'amehear' harufu ya samaki. Mwingereza hushangaa, kwake harufu haina masikio. Hapa yafaa mwalimu aseme waziwazi: 'Kwa Kiswahili twasikia harufu, kwa Kiingereza kitenzi ni smell peke yake.' Sentensi hiyo moja ya Kiswahili yaokoa wiki nzima. Vivyo hivyo yeye wetu ni mwanamume na mwanamke pia. 'He' na 'she' hutuchanganya. Aliyesoma Kiarabu ana nafuu, kwa kuwa huko kuna 'huwa' na 'hiya', na hata kitenzi hubadilika: 'kataba' kwa mwanamume, 'katabat' kwa mwanamke.

Nasema haya kwa sababu liko wazo lililoenea sana ya kuwa mtu hujifunza lugha mpya kwa kuzikataza zile za zamani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya aliandika katika kitabu chake cha 1986 jinsi watoto wa shule ya wakati wake walivyovishwa bamba la chuma kwa kosa la kusema Kigikuyu, na kuchapwa juu yake. Mahali pengine kibao cha namna hiyo kilidumu miaka mingi baadaye. Kibao chaweza kumfanya mtoto asiseme Kishubi. Kumfanya aseme Kiingereza hakiwezi, kwani matokeo yake huwa ni kunyamaza, na mtu anayenyamaza hasomi lugha yoyote. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, na walimu walioizoea lugha ile ya kwanza walilazimika kujifunza Kiingereza huku wakifundisha kwacho. Sidhani ya kuwa wangepiga hatua hata moja bila Kinyarwanda cha kuelezana.

Mimi ningependa tujaribu hivi hapa shuleni. Dakika kumi za mwanzo za masomo ya jioni, wawili wawili, tusome kwa sauti aya moja ya kitabu chepesi, kila mmoja akimsikiliza mwenzake l na r na irabu ndefu, kama chuoni. Wenzetu waliopita chuoni waongoze, maana masikio yao ni makali kuliko yetu. Kisha aya hiyo hiyo tuulizane maana yake, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, daftari zikiwa zimefungwa. Katika daftari za hesabu na sayansi kila neno jipya liandikwe pamoja na lile la shule ya msingi: 'square', mraba. Kidato cha Kwanza wafundishwe mapema vile vitenzi vya mitihani, 'state', 'outline', 'account for', kila kimoja na swali lake. Mwenye kupata kamusi ya Johnson ya 1939 aitazame pia, kwani huonyesha maneno yetu yaliyotoka katika Kiarabu.

Nawaachia wasomaji kazi ndogo. Tafuteni asili ya neno 'magazine', jina la kijitabu hiki mnachokisoma, mlilinganishe na neno letu hazina. Fanyeni hivyo na 'admiral' na amiri, 'syrup' na sharubati, 'tariff' na taarifa. Atakayepata yote manne alete karatasi yake kwa Mhariri kabla muhula haujafungwa. Majibu yatatoka katika toleo lijalo.